Moyo wa Mfanyakazi: Hatari Zinazonyemelea Migodini, Viwandani na Barabarani

Mara nyingi tumesimama makaburini, katika vilima vya Umatengo au karibu na mchanga wa Ziwa Nyasa, tukimsindikiza mtu aliyefariki angali na nguvu zake. Ndugu husema, “Hakuwa anaumwa. Jana tu alikuwa kazini.” Ibada ya mazishi ikiisha, maneno huanza kunong'onwa: marehemu ametupiwa kitu, mwenzake kazini alimwonea wivu kwa sababu ya cheo, au shangazi hakupendezwa na nyumba yake mpya ya bati. Basi familia iliyompoteza baba humpoteza pia jirani, na pengine ndugu wa damu, kwa uhasama usiokwisha.

Tunaandika makala hii kwa sababu vingi vya vifo hivyo vina maelezo yasiyohitaji kumshuku mtu yeyote. Moyo na mishipa ya damu huharibika polepole kwa miaka mingi pasipo maumivu, kisha siku moja husalimu amri. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 magonjwa ya moyo na mishipa ya damu yaliua watu milioni 17.9 duniani, yaani karibu kifo kimoja katika kila vifo vitatu. Zaidi ya robo tatu ya vifo hivyo hutokea katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, ikiwemo yetu. Haya si magonjwa ya Wazungu, wala si ya matajiri peke yao.

Maisha yamebadilika, mwili ni uleule

Wazee wetu Wamatengo walijulikana kwa kilimo cha ngoro, mashimo yanayochimbwa kwenye miteremko mikali ili udongo usichukuliwe na mvua. Aliyelima ngoro alipanda na kushuka mlima kila siku, na chakula chake kikuu kilikuwa ugali, maharage na mboga za majani. Kule ziwani, mvuvi alipiga kasia usiku, na asubuhi alivuta nyavu na kuanika usipa. Kazi hizo zilikuwa ngumu, lakini ziliuchezesha mwili wote, na sukari, chumvi na mafuta vilikuwa haba.

Leo vijana wetu wengi hufanya kazi za namna nyingine. Tangu mwaka 2011 makaa ya mawe yamekuwa yakichimbwa Ngaka, na malori huyasafirisha mchana na usiku. Mbinga mjini kahawa hukobolewa na kuchambuliwa kwa mashine. Barabara ya lami imefika Mbamba Bay, na pamoja nayo wamekuja madereva, mafundi, walinzi na wapakiaji mizigo. Tunamshukuru Mungu kwa ajira hizo, kwani zinalipa ada za shule na kujenga nyumba. Hata hivyo, kazi hizo zimetuletea hatari ambazo babu zetu hawakuzijua, na ni vema tuzitambue mapema.

Jinsi moyo unavyofanya kazi

Moyo ni msuli wenye ukubwa wa ngumi ya mwenyewe. Hupiga takriban mara laki moja kwa siku, ukisukuma damu hadi kwenye ncha za vidole. Wengi wetu vijijini tunatumia maji ya mserereko, yanayoshuka kutoka chemchemi ya mlimani kwa bomba. Tunajua kwamba nguvu ya maji ikizidi, viungio vya bomba hulegea na kupasuka. Na uchafu ukiganda ndani, maji hupungua hadi kukauka. Mishipa ya damu hupatwa na mambo hayohayo mawili. Msukumo wa damu ukizidi kwa muda mrefu, mishipa hukakamaa na kuumia, na moyo hulazimika kufanya kazi kupita kiasi hadi unatanuka na kuchoka. Mafuta aina ya lehemu yakijikusanya kwenye kuta za mishipa iliyoumia, njia huwa nyembamba. Donge la damu likiziba mshipa unaolisha moyo wenyewe, huwa shambulio la moyo. Likiziba mshipa wa ubongo, au mshipa huo ukipasuka, huwa kiharusi.

Hatari zinazojulikana

Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti mkubwa uliohusisha nchi 52, zikiwemo nchi za Afrika. Ulionesha kwamba mashambulio mengi ya moyo, katika mataifa na rangi zote, yanafungamana na mambo machache yaleyale: uvutaji wa sigara, lehemu mbaya, shinikizo la juu la damu, kisukari, mafuta ya tumboni, msongo wa mawazo, ulaji mdogo wa matunda na mboga, na kutoushughulisha mwili. Mengi kati ya hayo yanaweza kurekebishwa.

Hapa petu, shinikizo la juu la damu, ambalo wengi huliita presha, ndilo linalostahili kutajwa kwanza. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulionesha kwamba takriban mtu mmoja kati ya wanne wenye umri wa miaka 25 hadi 64 nchini Tanzania alikuwa nalo. Kipimo kikisoma 140 kwa 90 au zaidi, na kurudia hivyo katika siku tofauti, mhusika anahitaji uangalizi wa mganga. Ubaya wa presha ni ukimya wake. Watu hudhani kwamba mwenye presha lazima aumwe kichwa au asikie kizunguzungu, kumbe wengi hawasikii lolote. Njia ya kuijua ni moja tu, nayo ni kupima.

Chumvi huchangia sana. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, sawa na kijiko kimoja kidogo cha chai. Mfanyakazi anayekula kwa mama lishe, akaongeza chumvi ya mezani kabla hata ya kuonja, akanywa supu iliyokolezwa kwa viungo vya pakiti, huvuka kiasi hicho kabla ya jua kutua. Samaki wa ziwani ni chakula chema kwa moyo. Kinachodhuru ni chumvi nyingi ya kuhifadhia na mafuta yaliyokaangiwa mara kumi. Kuhusu kahawa yetu, tusiiogope. Kikombe kimoja au viwili kwa siku havijaonekana kuwadhuru watu wengi, ila vijiko vinne vya sukari ndani yake ni jambo jingine.

Hatari zinazotoka kazini

Katika miaka ya baada ya Vita Kuu ya Pili, daktari wa Uingereza aitwaye Jerry Morris alichunguza wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Madereva na makondakta walitoka katika mitaa ileile na kufanya kazi katika gari lilelile, lakini madereva, waliokaa siku nzima, waliugua moyo zaidi kuliko makondakta, waliopanda na kushuka ngazi wakikata tiketi. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1953, na hadi leo yanasimama kama funzo kwamba namna ya kufanya kazi inaweza kuulinda moyo au kuudhuru. Tumfikirie dereva wa lori la makaa, anayekaa kwenye usukani saa nyingi, akila anapopata, akilala kwenye kiti. Tumfikirie pia mwendesha mitambo, na mama anayekaa akichambua kahawa tangu asubuhi.

Kazi ya muda mrefu mno ni hatari ya pili. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitangaza kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa juma, kukilinganishwa na saa 35 hadi 40, kunaongeza hatari ya kiharusi kwa asilimia 35, na hatari ya kufa kwa ugonjwa wa mishipa ya moyo kwa asilimia 17. Katika mwaka 2016 pekee, vifo 745,000 duniani vilihusishwa na saa hizo ndefu.

Zamu za usiku nazo zina gharama yake. Kwa kawaida msukumo wa damu hushuka mtu anapolala. Anayekesha kwa miezi, kisha akajaribu kulala mchana penye watoto na redio, huunyima moyo wake nafuu hiyo. Kelele za mitambo huufanya mwili ukae kama uliotishwa, hata pale masikio yanapokuwa yamezoea. Vumbi laini na moshi wa injini huingia mapafuni, na chembe zake ndogo kabisa huchochea uvimbe katika mishipa ya damu. Tusisahau kwamba akina mama hupata madhara yanayofanana na hayo kwa moshi wa kuni, katika jiko lisilo na dirisha.

Kuna pia mzigo usioonekana. Kibarua asiyejua kama kesho ataitwa, anayelipwa kwa gunia, anayeogopa kusema anaumwa asije akaondolewa, hubeba wasiwasi hadi kitandani. Aliye mbali na mke na watoto hutafuta faraja katika pombe, iwe ulanzi, komoni au chupa za dukani, na katika sigara. Vinywaji vya kuongeza nguvu humfanya asisinzie, lakini humwongezea sukari na kuyaharakisha mapigo ya moyo. Na mgongo unapouma kwa kubeba magunia, hununua dawa za maumivu kama diklofenaki na kuzimeza kwa majuma mengi. Wachache wanajua kwamba dawa hizo, zikitumiwa kwa muda mrefu pasipo uangalizi, zinaweza kupandisha presha, kuharibu figo na kuongeza hatari ya shambulio la moyo.

Wapo watakaouliza: je, anayebeba magunia hafanyi mazoezi ya kutosha? Kubeba mizigo mizito hupandisha msukumo wa damu kwa ghafla, na mwili hauachiwi nafasi ya kupumzika. Ni tofauti na mwendo wa wastani ambao mtu hutembea kwa hiari na kisha kupumzika. Kwa hiyo hata mwenye misuli imara hana budi kupima presha.

Imani, dawa na fikra potofu

Baadhi ya waamini huacha dawa za presha mara tu kipimo kinapoonesha kushuka, wakisema wamepona. Presha imeshuka kwa sababu ya dawa. Wakiziacha, hupanda tena, mara nyingi kimya kimya. Wengine huambiwa kwamba kumeza vidonge kila siku ni upungufu wa imani. Kanisa halifundishi hivyo. Kitabu cha Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, kinatuagiza kumheshimu tabibu kwa kuwa Bwana ndiye aliyemuumba, na kinasema kwamba mwenye busara hazidharau dawa zitokazo katika ardhi. Sura hiyohiyo humwagiza mgonjwa asali, kisha ampe tabibu nafasi. Sala na dawa vimewekwa pamoja na Maandiko Matakatifu, tusivitenganishe sisi.

Wengine, wanapoona mdomo wa mgonjwa umepinda na mkono umelegea, husema ni pepo na kumpeleka kwa mganga wa kupiga ramli. Saa zinazopotea huko ndizo ambazo hospitali ingezitumia kuokoa sehemu ya ubongo wake. Nao uchungu wa kumtaja “aliyeroga” unakuwa dhambi ya pili juu ya msiba wa kwanza, kwa maana ni kumshuhudia jirani uongo.

Kanisa na jasho la mfanyakazi

Katekisimu ya Kanisa Katoliki hufundisha, katika namba 2288, kwamba uhai na afya ni zawadi za thamani tulizokabidhiwa na Mungu, na kwamba yatupasa kuzitunza kwa busara tukizingatia pia mahitaji ya wengine. Katika namba 2290 hutaja fadhila ya kiasi, inayotuepusha na kupita mipaka katika chakula, pombe, tumbaku na dawa.

Lakini Kanisa halimwachii mfanyakazi peke yake mzigo wote. Katika waraka wake Rerum Novarum wa mwaka 1891, Papa Leo XIII aliandika kuhusu wale wanaochimba mawe, madini na makaa ya mawe ardhini. Alifundisha kwamba, kwa kuwa kazi yao ni nzito na inaumiza afya zaidi, saa zao za kazi zinapaswa kuwa fupi zaidi kwa kadiri hiyo. Zaidi ya miaka 130 imepita, na maneno hayo ni kama yameandikwa kwa ajili ya wachimbaji wa mkoa wetu. Baba Mtakatifu huyo alitetea pia pumziko la Dominika. Amri ya kuitakasa siku ya Bwana ni neema kwa mwili pia: inamkumbusha mwajiri kwamba mtu si mashine, na inamkumbusha mfanyakazi kwamba uhai wake hautokani na mshahara peke yake.

Sheria za nchi yetu zinaelekea upande huohuo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha kawaida cha saa 45 kwa juma, inaruhusu saa za ziada kwa makubaliano na kwa kiasi, na inadai pumziko la saa 24 mfululizo kila juma. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inadai wafanyakazi wapimwe afya zao. Kupimwa huko si hisani ya mwajiri, na mfanyakazi anayekuuliza si mkorofi.

Nasi tujihoji. Wapo kati yetu wenye mashine za kukoboa, malori, mashamba makubwa ya kahawa na vibarua wa msimu. Je, tunawapa maji safi na muda wa kula? Je, kibarua akisema kifua kinambana, tunamwamini au tunamtafuta mwingine? Hayo nayo ni mambo ya kuyapeleka kwenye kitubio.

Tufanye nini?

Kila mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea apime presha angalau mara moja kwa mwaka, na mwenye tatizo apime kama atakavyoelekezwa na mtoa huduma. Mwenye umri wa zaidi ya miaka 40, aliye mnene, au aliyezaliwa katika familia yenye kisukari apime sukari pia. Mama aliyewahi kupata presha au kifafa cha mimba wakati wa ujauzito amwambie mganga, kwa maana hatari yake ya kuugua moyo baadaye ni kubwa zaidi. Vipimo hivi ni vya dakika chache na hupatikana katika zahanati, vituo vya afya na hospitali, ikiwemo hospitali ya Jimbo letu iliyoko Litembo. Matatizo makubwa zaidi yanaweza kupewa rufaa hadi Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, lakini ni heri kuzuia kuliko safari hiyo.

Avutaye sigara aache leo. Mwaka mmoja baada ya kuacha, hatari yake ya ugonjwa wa mishipa ya moyo hupungua hadi karibu nusu ya ile ya mvutaji. Chumvi isikae mezani. Nusu ya sahani iwe mboga na matunda. Umatengo na Unyasa hatuna njaa ya mchicha, maparachichi, ndizi wala maembe. Anayefanya kazi ya kukaa atembee kwa mwendo wa haraka dakika 30, siku 5 kwa juma. Dereva ashuke na kutembea kila anaposimama.

Parokia zetu zina nguvu kuliko tunavyodhani. Parokia inaweza kununua kipimo cha presha na kumwomba muuguzi mwamini apime watu baada ya Misa, Dominika moja kila mwezi. WAWATA wanaweza kupunguza chumvi na mafuta katika chakula cha sherehe za parokia, na wengine wakajifunza kwao. Wanaume wa UWAKA, ambao ndio wagumu zaidi kupima, wanaweza kwenda pamoja ili asiwepo wa kuona haya. Katika Jumuiya Ndogo Ndogo, anayetumia dawa kila siku akumbushwe kwa upendo, kama tunavyokumbushana zamu ya sala.

Na tujue dalili za hatari. Kifua kubana au kuwa kizito kama kimewekewa gunia, maumivu yanayokwenda mkono wa kushoto, taya au mgongo, jasho jembamba la baridi, pumzi kukatika, kichefuchefu: huyo apelekwe hospitali papo hapo, asiambiwe alale apumzike. Wanawake na wenye kisukari wanaweza kushambuliwa pasipo maumivu makali. Mdomo kupinda, mkono kukosa nguvu au maneno kukorogeka ghafla ni kiharusi, nacho hakingoji asubuhi. Padre aitwe pia kwa ajili ya Mpako Mtakatifu wa Wagonjwa, lakini gari la kwenda hospitali lisisubiri.

Mwaka 1955 Papa Pius XII aliweka tarehe 1 Mei kuwa sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi. Yosefu alikuwa fundi, aliyewatunza Maria na Mtoto Yesu kwa jasho lake. Tunaamini pia kwamba familia yake ilimhitaji yeye mwenyewe kuliko ilivyohitaji kipato chake. Hivyo ndivyo wanavyowahitaji ninyi, baba na mama mnaotoka alfajiri kwenda mgodini, kiwandani na barabarani. Dominika ijayo, baada ya Misa, kabla ya kurudi nyumbani, mwulizeni mke, mume au rafiki aliye karibu nanyi: je, umepima?